Kanzu Yenye Nyayo za Mbwa

Tangu posa ilipoletwa, Mama Dobi alikuwa hawezi kuishika kanzu ya mwandishi bila kuipekua. Aliigeuza ndani nje, akatia mkono mifukoni, akaiinua dirishani kuitazama kwenye mwanga. Kila mara alikuta vilevile: manyoya ya paka, harufu ya samaki, na kifuani nyayo za mbwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma kumwamkia mwenyewe. Rangi ya mdomo hakuna. Unywele mrefu hakuna. Naye badala ya kushusha pumzi akazidi kushuku, kwani wifi yake alikwisha kumtia maneno kwamba mwanaume wa kumwogopa ni yule ambaye ukimpekua humkuti na kitu.

Duka lake la kufulia lilikuwa kwenye kona, chini ya jengo la ghorofa: mashine mbili, meza ndefu ya kupigia pasi, kaunta, na benchi la wateja. Mumewe alikufa zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa hajaanza shule. Mtoto yule alilelewa kwa sabuni na pasi mpaka akawa mtu mzima mwenye kampuni yake ya kunyunyizia dawa za wadudu majumbani. Mama Dobi hakuwahi kuolewa tena. Si kwamba hakutakwa. Alikuwa na kazi, alikuwa na mtoto, na jioni miguu ilimuuma.

Halafu akaja mwandishi.

Alikuwa mzee, ndevu nyeupe zimekatwa vizuri, mgongo bado umenyooka. Alikuwa ameandika habari tangu ujana wake, na wenzake wote walikwisha kustaafu. Yeye mhariri alimwachia safu ndogo ya mambo ya mji, akaing'ang'ania. Asubuhi alikuwa gazetini. Sala zake tano hazikumpita, na kati ya sala na sala alikuwa na familia yake ya mitaani: paka wa nyuma ya mabanda ya samaki, mbwa wa gereji ya mabasi, na punda mmoja aliyetupwa na mwenyewe baada ya kuchoka. Watu walimwita Baba Paka. Msikitini kuna waliomnunia kwa ajili ya wale mbwa, lakini yeye hakubishana na mtu. Alileta kanzu zake kwa Mama Dobi, akamwomba kwa haya azioshe kama sheria inavyotaka, mara saba, na mojawapo kwa udongo, kwa sababu huruma yake haikumpa ruhusa ya kusimama mbele ya Mola wake na mate ya mbwa.

Siku hiyo ya kwanza Mama Dobi alimuuliza kama isingekuwa rahisi zaidi kuwaambia mbwa wasimlambe.

"Nimewaambia," alijibu mzee, bila kucheka. "Nimeandika hata kwenye safu yangu. Hawasomi gazeti."

Mama Dobi alicheka mpaka akaunguza kola ya shati la mtu.

Basi ikawa mazoea. Mzee akitoka kwenye sala ya alasiri hupita dukani, huketi kwenye benchi, humsomea gazeti wakati anapiga pasi. Alikuwa na sauti ya taratibu, na adabu ya kuinamisha macho. Ila mara mojamoja macho yale yaliinuka, yakagongana na ya Mama Dobi juu ya meza, na mama wa watu mwenye umri wake akajikuta ananyoosha mkono uleule wa shati mara ya tatu. Hatimaye mzee akamtuma ndugu yake kwa kaka wa Mama Dobi, kwa heshima zote, kuposa. Kaka alifurahi. Akasema yeye hana neno, ila mwana wa Mama Dobi aulizwe, asije akajiona amerukwa.

Na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja kumsaidia kukunja mashuka, na kwa kila shuka alitoa swali. Mwandishi wa habari mzima, aliuliza, mji huu una madobi wangapi, kwa nini aje kwako? Mbona anauliza sana habari za mwanao? Mama Dobi alisema haulizi. Wifi akamkumbusha: siku ile ya mvua, mzee aliuliza kama gari la kijana ni lile jeupe lenye ngazi juu. Na alipoambiwa ndilo, alilikunja gazeti katikati ya habari, akaaga.

Ilikuwa kweli. Mama Dobi alikuwa ameisahau siku ile, na sasa haikumtoka tena kichwani. Alikumbuka pia kwamba posa ilikuja muda mfupi baadaye.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia hata wifi. Katika miezi hiyo wanyama wa mitaani walikuwa wanakufa. Wafagiaji walikuwa wakifika asubuhi wanakuta paka wamelala pembeni mwa mabanda, midomo ina povu, na mbwa wa gereji wamejinyoosha chini ya mabasi. Mwandishi aliandika juu ya vifo hivyo kwa uchungu mara ya kwanza, akaandika mara ya pili akiuliza ni nani anayetega sumu. Kisha akanyamaza. Safu yake ikawa ya mashimo ya barabarani na bomba lililopasuka. Mtu aliyekuwa akilia machozi kwa ajili ya mtoto wa paka, leo hana la kusema? Mama Dobi alipomuuliza, alijibu kwamba kuna habari ambazo mtu hapaswi kuziandika yeye. Akainamisha macho, na safari hii hakuyainamisha kwa adabu.

Siku chache baadaye ndipo alipomfuma. Mama Dobi alikuwa anampelekea mwanawe ovaroli zilizofuliwa, kule kwenye ghala la kampuni. Alipokata kona akamwona mzee nyuma ya uzio wa ghala, ameinama kwenye majani, anaokota kitu na kukitia kwenye mfuko mweusi. Aliangalia kushoto na kulia kama mwizi. Akapangusa magoti, akaondoka haraka. Mama Dobi alijibanza kwenye ukuta mpaka mzee alipotoweka. Jioni mzee alipoketi kwenye benchi, alimuuliza kama kwa mzaha alikuwa wapi baada ya sala.

"Nilikuwa na wanyama wangu," alisema mzee.

Huyu alikuwa mtu ambaye hakusema uongo hata kuhusu umri wake. Mama Dobi aliendelea kupiga pasi, lakini kitu ndani yake kilikwisha kujifunga.

Sasa, siku hii tunayoizungumzia, mwanawe alikuja mchana bila kutarajiwa. Aliegesha gari jeupe mbele ya duka, akatupa fuko la ovaroli chafu chini ya kaunta, akamwamkia mama yake na shangazi yake kwa mkato. Uso umemvimba kwa hasira. Alisema amepigiwa simu kutoka kwenye gazeti lilelile la Baba Paka. Mwandishi mmoja msichana alitaka kumuuliza maswali kuhusu kazi zake za usiku.

"Sasa umeelewa kwa nini alikuposa?" aliuliza kijana.

Wifi alipiga makofi polepole, kwa mtindo wa mtu aliyekwisha kusema. Alisema yeye aliliona jambo hili tangu mwanzo, mzee anayebembeleza mbwa ili wamzoee atashindwaje kumbembeleza mjane. Kijana akaongeza kwamba mama yake ametumiwa kama ngazi. Mzee amekaa kwenye benchi lile mwaka mzima, anasoma gazeti, huku anapima nyumba. Akaapa kwamba posa ile hataikubali akiwa hai, na kama mjomba wake ataipitisha, basi yeye asihesabiwe.

Mama Dobi alisikiliza, pasi imesimama wima mkononi. Maneno yote yalikuwa yanakaa mahali pake vizuri mno. Gari, posa, ukimya wa safu, mfuko mweusi. Aliona aibu ikimpanda kuanzia miguuni, aibu ya mtu mzima aliyependa mbele za watu. Lakini alikuwa amemlea huyu mtoto peke yake, na kulikuwa na swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Ana nini cha kukuandika?" alisema.

Kijana aliinua macho. Akaitazama feni ya darini. Tangu akiwa mdogo, akivunja kikombe, alikuwa anatazama juu.

"Waandishi hawakosi la kuandika, Mama," alisema mwishowe, akatoka.

Wifi akaenda zake naye. Mama Dobi akabaki na nguo za watu, akishuku pande zote mbili.

Alasiri mzee alikuja kama kawaida, kofia imenyooka, tasbihi mkononi. Kabla hajaketi, Mama Dobi aligeuza kibao cha mlangoni kuonyesha duka limefungwa, akabaki amesimama nyuma ya kaunta. Alimwambia asikae. Kisha akayatoa yote bila kupandisha sauti: siku ya mvua, gari, posa, uzio wa ghala, simu ya yule msichana. Alimwambia amemwona kwa macho yake anaokota na kuficha.

Mzee aliyapokea yote bila kumkatiza. Rangi ya uso ilimtoka kidogo kidogo.

"Ulijua lini?" aliuliza Mama Dobi.

"Siku ile ya mvua. Nilikuwa nimeliona gari mara mbili karibu na gereji, usiku wa kuamkia vifo vya mbwa. Ulivyoniambia ni la mwanao, nilikwenda msikitini nikashindwa kuinuka."

"Na baada ya hapo ukaniposa."

"Nilikuwa nimekwisha kunuia kabla. Ndugu yangu shahidi. Nilipojua, nilikuwa na njia mbili: nikukimbie, au nikupose kisha nikuambie. Nikachagua ya pili. Ile sehemu ya kukuambia ikanishinda."

Alieleza mengine kwa shida, akitafuta maneno kama mtu asiye mwandishi. Alikwenda kwa mhariri, akamwambia habari ile imwondoke mikononi, kwa kuwa anataka kumwoa mama wa mhusika na haifai mtu kuandika akiwa na moyo wake ndani. Hakutoa jina. Mhariri akampa msichana, na msichana akatafuta mwenyewe mpaka akafika. Kuhusu uzio, alisema pale ndipo mabaki ya nyama hutupwa, nyama iliyotiwa dawa, na paka huipitia. Kwa hiyo kila siku baada ya alasiri anaokota kabla wao hawajafika, kisha anaifukia mbali.

"Kwa hiyo umemficha mwanangu," alisema Mama Dobi.

"Nimemficha. Nimeziba mdomo, nikajiambia ni heshima kwako. Na wanyama wanaendelea kufa. Mungu ananiona, sijui nitamjibu nini."

Mama Dobi alimtazama. Jinsi alivyotaka kumwamini ilimtisha. Mikono ya mzee ilikuwa juu ya kaunta, mikono yenye makovu ya kucha za paka, na yeye alitaka kuifunika kwa yake. Ndiyo sababu akarudi nyuma hatua.

"Kazi yako maisha yote ni kumfanya mtu afunguke," alisema. "Unaketi, unatulia, unasubiri mtu aone huruma aseme. Nitajuaje kwamba hapa hufanyi kazi?"

Mzee aliitia tasbihi mfukoni.

"Hutajua," alisema. "Sina cha kukuonyesha. Ningekuwa nacho ningekileta."

Mama Dobi alichukua kanzu iliyokunjwa, akaisukuma juu ya kaunta, akamwambia atafute dobi mwingine. Na kwa kaka yake atatuma neno, posa irudi. Mzee aliichukua kanzu kwa mikono miwili. Mlangoni aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama sawasawa bila kuinamisha macho, akamtazama kama anayetaka kubaki na sura yake. Halafu akatoka.

Usingizi wa Mama Dobi haukuwa usingizi. Asubuhi alifungua duka mapema ili awe na kazi mikononi. Akavuta lile fuko la ovaroli chini ya kaunta, akaanza kupekua mifuko kabla ya kuzitia kwenye mashine, kama afanyavyo kwa nguo za kila mteja. Harufu ilimpiga. Haikuwa ngeni. Alikuwa ameizoea miezi yote hiyo, na kila alipouliza mwanawe alimwambia ni dawa ya mende.

Katika mfuko wa paja aligusa kitu laini. Akakitoa. Kilikuwa kipande cha nyama, kimekauka pembeni, kimekandamiziwa chembechembe za kijani. Hakuna mtu anayemlisha mende nyama.

Mama Dobi alikaa chini, pale pale sakafuni, kati ya mafuko. Hakulia kwanza. Alichokifikiria kilikuwa mashine. Ovaroli zile alikuwa anazifua kwenye mashine ya kushoto, na baada yake, kwenye mashine hiyo hiyo, alikuwa anafua nguo za wateja. Jana kulikuwa na shali za kitoto za mama wa ghorofa ya pili, aliyejifungua juzi. Alizipiga pasi mwenyewe, akazinusa, akasema zinanukia vizuri.

Alipoweza kusimama alizima mashine ya kushoto, akachomoa waya ukutani. Akamwita mwanawe.

Kijana alikuja akidhani ni kuhusu posa, tayari na maneno yake. Alikuta ovaroli imetandazwa juu ya meza ya pasi, na juu yake kile kipande cha nyama. Mama yake alikuwa amevaa glavu za mpira.

Alianza kukana, akaacha. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, alisema. Wenye maduka ya soko na mwenye gereji walimwita, wateja wanalalamika, mbwa wanabweka, paka wanaiba. Walitaka wasafishiwe. Kama si yeye angekuja mwingine.

"Ni mbwa tu, Mama," alisema.

"Shali za mtoto zilikuwa kwenye mashine hii jana."

Kijana hakuelewa mara moja. Alipoelewa alishika ukingo wa meza. Mama yake alimwona anageuka mtoto machoni pake, na ilimbidi ajizuie asimkumbatie, kwani akimkumbatia mambo yangeishia hapo, kama yalivyoishia kila mara tangu enzi za vikombe. Alimwambia atazichukua shali zile azifue upya kwa mikono, na mama wa mtoto atamwambia ukweli. Mashine ile haitafanya kazi mpaka ifunguliwe yote na kusafishwa. Kisha akasema lililobaki: yule msichana wa gazeti ana maswali, na yatajibiwa.

"Ukajibu mwenyewe," alisema, "au nitajibu mimi."

"Utamchagua yule mzee uniache mimi?"

"Mzee nimeshamfukuza. Hapa ni mimi na wewe."

Kijana alitikisa kichwa. Alisema atapoteza kila kitu, kampuni, jina. Alisema wanawake wote wana watoto waliokosea, lakini hajasikia mama aliyempeleka wa kwake gazetini. Alimkumbusha kwamba hawana mtu mwingine duniani ila wao wawili. Mama Dobi alisema anajua. Kijana akaondoka akiuacha mlango wazi, na gari likatoka kwa mlio ulioamsha njiwa juu ya jengo.

Mama Dobi alisubiri. Alipanda ghorofani kwa mama wa mtoto, akamweleza, akapokea maneno makali kwa kichwa kilichoinama. Mtoto alikuwa salama, shali zilikuwa bado kwenye mfuko. Alishuka na shali, akazifua kwa mkono, akasuuza mpaka maji yakawa kama ya kunywa. Mchana ukafika. Mwanawe hakupiga simu, wala hakuwa amepiga gazetini. Hilo alilijua kwa kuwa alimuuliza msichana mwenyewe, alipopiga yeye.

Msichana yule alikuja mbio, mwembamba, miwani inateleza puani. Alipiga picha ovaroli, akauliza maswali yake kwa upole. Mwishoni, alipokuwa anafunga begi, Mama Dobi alimuuliza kana kwamba si kitu, ni nani aliyempa jina la mwanawe.

Msichana alishangaa. Alisema hakuna aliyempa, alilipata kwa walinzi wa gereji baada ya kuwasumbua sana. Baba Paka alimkatalia hata neno moja la habari ile. Kila alipomwona yeye anaingia chumba cha habari, mzee aliinuka kwenda kutawadha. Waandishi wenzake walianza kusema mzee amehongwa. Mhariri alitaka kumnyang'anya safu.

"Naye akasema nini?"

"Akasema ichukueni."

Mama Dobi alimshukuru, akamfungulia mlango. Akasimama pale kwa muda, mkono kwenye kitasa. Bado inawezekana, alijiambia. Inawezekana wamepanga pamoja, mzee na huyu msichana mwenye miwani. Alilichunguza wazo lile kama anavyochunguza doa, akaligeuza huku na huku, akaliona limefifia, ila halijatoka. Kwa ukweli wa Mungu, pengine halingetoka. Akavaa viatu, akachukua jozi ya glavu, akafunga duka kabla ya wakati, jambo ambalo jirani yake fundi viatu alilitolea macho.

Hakuwahi kufika nyuma ya mabanda ya samaki. Alikuwa akipajua kwa harufu tu, kupitia nguo. Alimkuta mzee ameinama kwenye ufa wa ukuta, anavuta kitu kwa kijiti, huku amewazuia paka kwa mguu mmoja na kuwakemea kwa lugha ya heshima, kama anayezungumza na wakwe. Paka mmoja wa rangi ya majivu alikuwa amelala pembeni, amefunikwa gazeti. Alikuwa amekwisha kufa.

Mzee alimwona, akanyanyuka haraka mno, akajishika kiuno. Hakuuliza amefuata nini. Alisema tu kwamba paka huyu hakumwahi.

Mama Dobi alimweleza. Alitumia maneno machache: nyama, shali, msichana, kwamba habari itatoka kesho na jina la mwanawe limo. Alisema amelitoa kwa mdomo wake. Hapo akageukia ukuta. Mzee hakumgusa. Alisogea akasimama kati yake na wachuuzi, ili wasimwone akilia, akakaa hivyo mpaka alipomaliza.

"Hatanisamehe," alisema Mama Dobi, akipangusa uso kwa mkono wa gauni.

"Leo hapana."

"Na wewe nisikilize. Sijaacha kukushuku. Nimekuja hapa nakushuku njia nzima. Nadhani nitakushuku mpaka kaburini."

Mzee alilipima neno lile kwa makini, kama alivyopima kila kitu.

"Sawa," alisema. "Ila nishuku ukiwa karibu. Ukiwa mbali sitaweza kujitetea."

Mama Dobi alitaka kukasirika, akacheka, na kicheko kikatoka na machozi yaliyobaki. Alimwambia posa haijarudi. Hakutuma neno kwa kaka yake, alishindwa kushika simu. Mwanawe aliulizwa kwa heshima tu, na heshima hiyo amepewa. Walii wake ni kaka yake, kaka amekubali, na aliyeposwa ni yeye.

"Na aliyeposwa anasemaje?" aliuliza mzee.

"Anasema ukubali kwanza kuvaa glavu. Unaokota sumu kwa mikono mitupu, na mimi siolewi ili niwe mjane mara ya pili."

Alimpa glavu. Mzee alihangaika kuingiza vidole, ikabidi Mama Dobi amvutie, kidole kimoja kimoja, na mpira mnene ukiwa kati ya ngozi na ngozi. Mzee alikuwa akitazama chini, masikio yamemwiva kama ya kijana.

Simu ya Mama Dobi ikalia. Alikuwa mwanawe. Aliiacha ilie, akaitazama, akaipokea. Kijana hakusalimia. Aliuliza yuko wapi, amekuta duka limefungwa.

"Niko sokoni, nyuma ya mabanda ya samaki," alisema Mama Dobi. "Tunaokota nyama yako. Hatujui umeitega wapi na wapi. Wewe unajua."

Upande wa pili mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo na injini ikawaka. Simu ikakatika.

"Anakuja," alisema.

"Kuokota, au kunipiga?"

Mama Dobi alitazama uchochoro ule mwembamba ambako gari jeupe lingetokea. Alimjua mwanawe kuliko alivyojijua, na hakuwa na hakika.

"Sijui," alisema. "Simama hapa karibu yangu."

Mzee akasogea, akasimama karibu kuliko siku zote, karibu kiasi cha Mama Dobi kuisikia pumzi yake na dua aliyokuwa akiisoma chini ya ulimi. Wakaungoja mlio wa gari.